Hakuna Anayekwenda Stoo Peke Yake

Vifungo alimjua nyapara wao kwa shingo kabla ya kumjua kwa macho. Bwana yule alivaa raba zenye soli laini, na sakafu ya kiwanda ilikuwa ya saruji iliyosuguliwa mpaka ikang'aa, kwa hiyo akija husikii kitu. Ila mtu akikaa miaka kumi na miwili mgongo ukiwa mlangoni, shingo hujifunza kazi ya sikio. Ngozi ya kisogo ilimsisimka, vidole vikapunguza mwendo vyenyewe, na kabla hajameza mate kivuli kikaanguka juu ya shati alilokuwa akilishona. Wanawake wa kiwandani walimwita Paka. Hawakumwita hivyo kwa sauti.

Kiwanda kilishona sare za shule. Mashine thelathini na mbili zilipangwa safu nne, zote zikitazama ukuta wa mbele, kila mwanamke akitazama kisogo cha mwenzake. Wakongwe walisimulia kwamba zamani meza zilikuwa zikitazamana, watu wakapiga soga na kazi ikaenda. Paka alipopewa usimamizi alisema maneno yanakula muda, akazigeuza mashine zote siku moja. Halafu akaweka chakula kwa zamu: safu ya kwanza ikirudi ndiyo ya pili itoke. Ungeweza kufanya kazi na mtu miaka mitano na usijue ana watoto wangapi.

Humo ndani hakuna aliyeitwa jina lake. Uliitwa kwa kile unachoshona. Wa kola aliitwa Kola, wa mifuko akaitwa Mfuko, wa mapindo akaitwa Pindo. Yeye alikuwa Vifungo, na jina hilo lilimfaa mara mbili, maana walisema hata mdomo wake umefungwa vifungo mpaka shingoni. Alikuwa mwembamba, mwenye miaka arobaini na mmoja, mjane mwenye binti mmoja wa sekondari. Ukimsalimia alijibu kama mtu aliyekutwa na kitu kisicho chake.

Uoga wake haukuanzia kiwandani. Mama yake alimlea kwa methali moja tu, kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Akisikia zogo, alitazama chini na kuvuka barabara. Aliolewa akiwa na miaka ishirini katika nyumba ya ukoo, ndugu wanne na wake zao wanne, kila mke na jiko lake, kufuli lake na siri zake. Mama mkwe aliwatawala bila kutokwa jasho, kwa kuwa kila mmoja alimpelekea habari za wenzake. Siku mume wa Vifungo alipoanguka kutoka kwenye jengo alilokuwa akilipaka rangi, machozi hayajakauka akaambiwa afungashe. Wale wanawake watatu walikuwepo uani, mmoja akiosha vyombo. Hakuna aliyeinua kichwa. Hakuwalaumu. Yeye mwenyewe asingekiinua.

Akaenda kwa kaka yake, fundi wa redio na simu, akiwa na mtoto wa miaka minne mkononi. Wifi yake alimpokea kwa adabu, yaani bila tabasamu. Mwaka huohuo akapata kazi kiwandani.

Sasa, stoo ilikuwa mwisho wa ukumbi, nyuma ya kona, mlango wa chuma wenye ufunguo mmoja, na ufunguo huo ulilala mfukoni mwa Paka. Ukiishiwa uzi unanyoosha mkono. Anakuja, anatangulia, unamfuata. Mmoja mmoja, ndiyo ilikuwa sheria, ili mali isiibwe.

Vifungo alinyoosha mkono wake mwezi wa tatu wa kazi. Kilichompata humo hakuwahi kukipa jina. Alikumbuka mlango ulivyojifunga, harufu ya majora mapya ya kitambaa, mkono uliomshika kifundo cha mkono na mwingine uliomziba mdomo, na sauti ya mashine ukumbini zikiendelea kunguruma, thelathini na moja, bila hata moja kusita. Alitoka na pakiti ya vifungo. Akakaa akashona mpaka saa ya kutoka, kisha akatapika nyuma ya kituo cha basi.

Tangu siku hiyo hakuomba kifungo tena. Alifika nusu saa kabla ya wenzake, akaokota vilivyoanguka chini ya meza, akaviosha, akaviweka kwenye kopo. Vikipungua alivuta siku mpaka Alhamisi, siku ambayo mwenye kiwanda alikuja kukagua na stoo ikawa wazi, watu wakiingia na kutoka. Miaka kumi na mmoja na zaidi akaishi hivyo, akihesabu siku kuelekea Alhamisi kama mgonjwa anayehesabu vidonge. Mwenye kiwanda akampa barua ya pongezi kwa kubana matumizi. Aliichana, akaitupa chooni.

Ndipo akaja yule msichana. Pindo wa zamani alistaafu, na mahali pake, mbele kabisa ya Vifungo, akakaa binti wa miaka kumi na tisa mwenye shingo ndefu na kicheko kilichomtoka bila ruhusa. Alikuwa akicheka uzi ukikatika. Alimgeukia Vifungo, jambo lililokatazwa, akamuuliza, "Mama, hivi ukimaliza shati moja husikii kama umemvisha mtoto wa mtu?" Vifungo aliinamia shati lake, lakini siku nzima alilifikiria swali hilo, na moyoni alipata kitu kama joto. Na palepale joto hilo likageuka hofu, maana alimwona Paka amesimama karibu na nguzo, anamtazama yule msichana kwa utulivu wa mtu ambaye hana haraka.

Ilichukua wiki tatu. Jumanne moja asubuhi Paka alikuja akasimama pembeni ya Pindo.

"Uzi wako huo haufai. Njoo stoo nikupe mwingine."

"Bado upo mwingi, bosi."

"Nimesema haufai."

Pindo akainuka, akacheka kidogo, akamfuata. Vifungo aliona migongo yao miwili ikikata kona. Mikono yake ikaendelea na kazi kama si yake. Alijua la kufanya. Asimame, aite, ajifanye kuzimia, aangushe mashine ikibidi. Badala yake alishona kifungo, akashona kingine, mguu ukikanyaga pedeli, naye akajisikia akiwa moja ya zile mashine thelathini na moja.

Msichana aliporudi hakuwa amebeba uzi. Alikaa. Shingo yake ndefu ilikuwa imezama mabegani. Mapindo ya mashati aliyopokea Vifungo kuanzia hapo yalipanda na kushuka kama njia ya mlevi.

Vyoo vya kiwanda vilikuwa vitatu, mlango kwa mlango, na ndipo mahali pekee ambapo raba za Paka hazikufika. Mchana Vifungo aliingia kimoja, akamsikia mtu wa upande wa pili akilia huku amejiziba mdomo kwa nguo. Alikaa akishika kitasa. Angeweza kutoka. Maisha yake yote alikuwa ametoka.

"Mwanangu," aliuambia ukuta. Sauti ilitoka nyembamba hata hakuitambua. "Mimi pia."

Kilio kikakatika. "Lini?"

"Wewe ukiwa darasa la pili."

Maji yakadondoka mahali fulani. Halafu kutoka choo cha tatu, ambacho wote wawili walidhani ni kitupu, ikaja sauti nzito ya mama mtu mzima.

"Mimi mwaka aliopewa unyapara. Wiki ya pili."

Ilikuwa sauti ya Kola, mama mnene mwenye magoti mabovu na utani usiokwisha, ambaye Vifungo alikuwa akimwonea wivu siku zote kwa sababu alionekana kama mtu asiyeogopa kitu. Walitoka wote watatu kwa wakati mmoja, wakasimama mbele ya sinki, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili Vifungo akaziona nyuso mbili za wenzake karibu namna ile, mchana, bila haraka. Kola alikuwa na kovu dogo chini ya jicho. Hakuwahi kuliona.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," Kola alisema akimfuta msichana uso kwa kanga ya kiunoni. "Na chawa wetu huyu anavaa raba."

Hakuna aliyecheka, ila maneno yale yaliwasaidia kupumua.

Shauri lilikuwa dogo tu. Akiitwa mtu stoo, jirani yake anainuka naye. Basi. Hakuna kugoma wala kupiga kelele. Lakini watu thelathini na wawili waliopangwa visogo kwa visogo wangeambiwaje? Wiki nzima ilikwenda vyooni, wawili wawili. Mmoja mmoja, walioambiwa wakaanza kusema mwaka. Kufikia Ijumaa waliosema walikuwa tisa. Wengine hawakusema, ila hawakuuliza pia. Jumatatu asubuhi Kola aliandika kwa chaki ndani ya kola ya shati neno moja, WAWILI, akalipitisha. Shati likaenda kwa Mfuko, likaenda kwa Pindo, likamfikia Vifungo. Akalisoma, akalifuta kwa kidole gumba, na kwenye kifungo kilichofuata sindano ikakatika.

Maana jirani wa Pindo, aliye nyuma yake, alikuwa nani kama si yeye?

Alilala vibaya siku mbili. Alimwomba Mungu Paka augue, au augue yeye. Jumatano saa nne ngozi ya kisogo ikamsisimka.

"Pindo. Stoo."

Msichana akainuka. Hakutazama nyuma. Vifungo alisukuma kiti nyuma. Alishika meza kwa mikono miwili, akajinyanyua kama mtu anayetoka kisimani, kiti kikaanguka kwa kishindo.

Paka akageuka taratibu. "Wewe nimekuita?"

"Hapana."

"Unakwenda wapi?"

Alitafuta neno. "Namsindikiza," alisema.

"Unamsindikiza? Stoo ni safari?"

Aliyaona macho ya Paka, madogo, yasiyo na hasira hata kidogo, na akajua kwa hakika kwamba akikaa sasa hatasimama tena mpaka afe. Kilichomzuia kukaa hakikuwa ujasiri. Magoti tu yalikuwa yamekataa kukunjika. Kisha nyuma yake akasikia kiti kikisogezwa, na pumzi nzito, na magoti mabovu yakilia. Kola. Halafu Mfuko. Halafu mwanamke wa safu ya nne ambaye hakuwahi hata kumsalimia. Hawakusogea. Walisimama tu, na mashine zao zikawa kimya.

Paka aliwatazama mmoja baada ya mwingine kama anayewaandika. Akatabasamu. "Kaeni," akasema. "Uzi nitauleta mwenyewe."

Waliporudi kukaa, wengi walikuwa na furaha. Vifungo peke yake ndiye hakufurahi. Alikuwa ameliona lile tabasamu.

Kuanzia kesho yake Paka aliwatawanya. Pindo akapelekwa kwenye pasi, Kola akawekwa peke yake kwenye chumba cha kufungasha. Vifungo hakuhamishwa. Paka alikuwa akipita nyuma yake tu na kusimama, dakika moja, dakika mbili, bila neno. Alhamisi hiyo mwenye kiwanda hakuja, na vifungo kwenye kopo vilikuwa vimebaki kiganja kimoja.

Jumapili mchana, Vifungo akiwa jikoni anachambua mchele, alisikia kaka yake akikaribisha mgeni sebuleni kwa furaha nyingi. Akajibu mtu kwa sauti ya upole. Ungo ukamtoka mkononi.

Paka alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, raba zake zimepangwa vizuri mlangoni, mkononi ana mkate aliouleta zawadi. Vifungo alisimama nyuma ya pazia la mlango wa jikoni, asiweze kwenda mbele wala kurudi.

"Dada yako ni mfanyakazi mzuri sana," Paka alikuwa akisema. "Siku hizi tu amepata marafiki wasiofaa. Nimekuja kama ndugu. Kuna mambo ya stoo, ya zamani, ambayo mimi kama mwanaume nimeyafunika kwa heshima yake. Nisingependa yafike mbali."

"Mambo gani?" kaka aliuliza.

"Ah, mwanamke mjane, unajua. Tuyaache."

Kaka akakohoa. Vifungo alijua kikohozi hicho, ni cha mtu aliyeaibika na anayeanza kuamini. Na hapo binti yake, mwenye miaka kumi na sita, sare ya shule bado mwilini kwa sababu alikuwa anatoka kwenye masomo ya ziada, akapita na sinia la chai. Akapiga goti akamkaribisha mgeni.

"Huyu ndiye mtoto?" Paka alisema. "Amekua. Akimaliza shule mleteni kwangu. Nataka mtu wa kunisaidia stoo."

Vifungo hakujua amefikaje tena jikoni. Alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, na wifi yake amesimama mbele yake na mwiko mkononi. Katika miaka kumi na miwili wawili hao hawakuwa wamezungumza zaidi ya chumvi, maji na nani ataanza kuoga.

"Wifi, una nini?"

Akafungua mdomo kusema "sina kitu". Badala yake yakatoka yote, kwa sentensi tano au sita, kwa mnong'ono, kama mtu anayetapika. Mlango. Mkono. Mashine zilizoendelea. Msichana wa mapindo. Na sasa binti.

Wifi yake alizima jiko. Alisimama kidogo akitazama sufuria. Vifungo alingoja aulizwe alikuwa amevaa nini, au kwa nini hakupiga kelele. Wifi akaweka mwiko chini, akajifuta mikono na kwenda sebuleni.

"Mwanangu, nenda ndani kwa mama yako," alimwambia binti, akachukua sinia mikononi mwake. Halafu hakuliweka mezani. Alisimama nalo mbele ya mgeni. "Bwana, chai imekwisha."

Chai ilikuwa ikifuka moshi. Kila mtu aliiona.

"Mke wangu," kaka alisema, "mgeni hajanywa hata funda."

"Mgeni ameshapata alichokuja kutafuta. Karibu tena siku utakayoalikwa, bwana."

Akabaki amesimama hapo, sinia mikononi, vikombe vikigongana kwa kutetemeka kwake, maana na yeye aliogopa. Paka alingoja mwenye nyumba aseme neno. Mwenye nyumba aliona uso wa mkewe, uso ambao labda hakuwahi kuuona, akatazama zulia. Mgeni akainuka, akavaa raba zake bila haraka, akauacha mkate.

Baadaye, mkewe alipomweleza yote, kaka alimuuliza dada yake, kwa hasira ya mtu mwenye aibu, "Kwa nini hukusema miaka yote hii?"

Aliyejibu ni wifi. "Angemwambia nani? Wewe? Umesikia nusu tu kutoka kwa huyo bwana mwenyewe, ukakohoa."

Jumatatu wifi alimsindikiza Vifungo mpaka getini. Akafanya hivyo Jumanne na Jumatano pia, akiongea njiani habari za bei ya nyanya, kwa kuwa hakujua mazungumzo mengine ya kumpa. Vifungo alihisi kama mtu aliyekuwa akiishi jirani na mto miaka yote na kunywa maji ya mvua.

Siku hizo neno jipya lilipita vyooni, mlango kwa mlango: Alhamisi. Na Alhamisi mwenye kiwanda alikuja. Zilikuwa zimebaki wiki mbili shule zifunguliwe na oda ya sare elfu nne ilikuwa haijafika nusu. Alipoingia ukumbini na Paka pembeni yake akimwonyesha karatasi, Kola alitoka chumba cha kufungasha akasimama kwenye mlango wa ukumbi. Ndipo mashine zikaanza kuzimika. Si kwa pamoja. Moja, halafu tatu, halafu safu nzima. Ukimya wa ukumbi ule ulikuwa mzito kuliko kelele zake. Kisha wanawake wakageuza viti vyao, miguu ya chuma ikikwaruza saruji, na kwa mara ya kwanza tangu mashine zigeuzwe wakakaa wakitazamana, safu kwa safu. Walikuwa wakionana. Vifungo aliona nyuso ambazo hakujua ni za nani, na zote zilikuwa na hofu ileile yake. Hilo lilimshangaza kuliko yote. Alidhani hofu ni yake peke yake, kama kovu.

"Kuna nini?" mwenye kiwanda aliuliza. "Nani kiongozi wenu?"

Wanawake walitazamana.

"Wamepangwa hawa," Paka alisema. "Niachie, bosi, nitawatuliza."

Kola alimtazama Vifungo. Pindo, kutoka kwenye pasi, naye alimtazama. Hawakumsukuma. Walimngoja. Akainuka. Hakuweza kunyanyua macho juu ya tai ya mwenye kiwanda, basi akaiambia tai.

"Mimi niliingia stoo mwaka wangu wa kwanza. Yeye akafunga mlango. Tangu siku hiyo sijaomba kifungo. Uliniandikia barua ya kunisifu."

Alikaa.

"Hayo ni maneno mazito," mwenye kiwanda alisema. "Una ushahidi gani?"

Vifungo hakuwa nao. Lakini upande wa kushoto mwanamke akasimama. "Mimi mwaka wa yale mafuriko," akasema, akakaa. Akasimama mwingine. "Mimi wiki mbili baada ya kurudi kutoka uzazi." Mwingine: "Mimi, na dada yangu aliyeacha kazi." Walisimama mmoja mmoja, kila mtu na mwaka wake, bila kulia, mpaka wakafika kumi na wanne, na wa mwisho alikuwa Pindo, akasema, "Mimi hata wiki tatu hazijapita."

Paka hakutabasamu. Alikuwa akitazama mlango, na mlangoni alikuwa amesimama Kola na magoti yake mabovu, hasogei.

Tusidanganyane. Mwenye kiwanda hakuwa malaika, na hatujui kama alikuwa hajui. Alitazama saa yake, akatazama mashine zilizolala, akafikiria sare elfu nne. Ilipofika saa sita mchana, mashine bado hazijawaka, alinyoosha mkono kwa Paka. "Ufunguo." Akaupokea, akaushika juu kama hajui aupeleke wapi.

"Wawili," Kola alisema.

Hivyo ndivyo ulivyokaa tangu hapo: ufunguo kwa mmoja, ufunguo wa kufuli jipya la pili kwa mwingine, na kila mwezi wanabadilishana. Meza ziligeuzwa zikatazamana. Zamu za kula zikafutwa, wote wakala pamoja uani. Mwenye kiwanda alipoleta nyapara mpya, walimwambia kwa heshima kwamba wangependa kumchagua wenyewe, na kwa kuwa shule zilikuwa zikifunguliwa alikubali. Walimchagua Mfuko, ambaye kwanza alikataa, kisha akawa mkali kweli, wakajuta kidogo. Mtaani kwao wifi alisikia habari hizo kila jioni, na akaona mabinti wanaokwenda shule alfajiri nao wanapita peke yao kwenye uchochoro wa gereji. Aligonga milango kumi, akapanga akina mama wa kuwasindikiza kwa zamu. Wazee wa mtaa walikuja kuuliza nani amempa mamlaka hayo. Akawaambia akijua jina la huyo mtu atawaletea.

Lakini si yote yaliyokuwa mazuri. Pindo na mama yake walikwenda polisi, jalada likafunguliwa, likalala. Paka alihamishiwa kwenye gereji ya magari ya kiwanda, akakaa miezi mitano, akaacha kazi mwenyewe kwa heshima zake. Msimu ulipoisha Kola aliambiwa umri umemfikia. Walibisha, mashine zikazimwa saa mbili nzima, ila oda ilikuwa imekwisha na safari hii hakuna aliyekuwa na haraka. Kola aliondoka na begi lake, akitania kwamba magoti yalikuwa yameshaandika barua ya kuacha kazi siku nyingi.

Vifungo naye hofu haikumtoka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye alishtuka kwa mlango, kwa kikohozi, kwa mtu yeyote mwenye raba. Tofauti ni kwamba siku hizi akishtuka, mtu wa ng'ambo ya meza alimwona, akamuuliza kwa macho, naye akajibu kwa macho.

Mwaka uliofuata habari zikafika kwamba Paka amepata unyapara kwenye kiwanda cha mabegi, upande wa pili wa mji. Ilikuwa saa ya chakula, wote wakaacha kutafuna. Kila mtu aliwaza wanawake asiowajua, waliokaa visogo kwa visogo.

Jumamosi Vifungo alimpitia Kola nyumbani kwake. Pindo alikuwa ameshafika. Wifi naye alikuja, akisema ana shida zake za huko, ingawa hakuwa na shida yoyote. Walipanda mabasi mawili. Saa saba mchana walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara, mbele ya geti wasilolijua, chini ya jua kali. Mlinzi aliwatazama kwa mashaka. Vifungo alirudi nyuma hatua moja, karibu na bega la Kola.

"Paka akituona je?" alinong'ona.

"Tutaonekana," Kola alisema, akamshika mkono.

Geti likafunguliwa, wanawake wakaanza kutoka, wamechoka, wengi wakitazama chini. Wa kwanza akapita. Wa pili akapita. Wa tatu alikuwa binti mdogo aliyekumbatia mkoba wake kifuani kwa mikono miwili. Vifungo akauachia mkono wa Kola, akavuka barabara.

"Dada," alisema. "Samahani. Stoo yenu iko wapi?"

Yule binti akasimama.